Dirisha la Saba

Dirisha langu ni la saba. Kioo chake
kimepakwa rangi hadi chini, ukabaki upenyo
wa kupitisha noti na kiganja.
Miaka kumi na tisa sijaona uso.
Obihiro nzima naijua kwa mikono:
huyu mkamua maziwa, huyu fundi saa,
huyu bibi harusi wa juzi, pete bado inambana,
na yule anayetafuna kucha tangu mbio za kwanza,
zikifika za kumi na mbili
hana tena cha kutafuna ila tiketi.

Sheria yatukataza sisi wa dirishani kucheza.
Sawa. Mpishi hali kila anachopika.

Mzee Onodera nilimjua kwa kidole kisichokuwepo,
cha shahada, kililiwa na mashine ya kuvunia viazi sukari.
Kila Jumapili, yeni mia moja:
"Yamashigure. Ashinde."
Hata walipompa ishirini na nane kwa moja,
hata theluji ilipofika kizingitini.

Nikasikia kwa wenzangu, wakati wa chai:
farasi alikuwa wake.
Kazaliwa zizini kwake usiku wa barafu,
kafutwa kwa shuka la kitanda.
Kisha Onodera akaanza zile gololi za chuma
kwenye jumba la taa karibu na stesheni,
gololi zinazoshuka kama mvua ya mawe
na kukuachia masikio yanayolia hadi alfajiri.
Kwanza likaenda trekta. Kisha shamba la upande wa mto.
Mkewe, Tomie, akaenda kwa dada yake Kushiro
na hakuchukua hata mwavuli.
Mwisho akauza farasi ili alipe deni,
na sasa anamchezea farasi ili amkomboe.

Nilipiga hesabu, ndiyo kazi yangu.
Akishinda Yamashigure, bei yake inapanda
kuliko mfuko wa Onodera utakavyopanda.
Akishindwa inashuka,
inashuka hadi siku atakapouzwa kwa kilo,
na hiyo, kwa kubana mkanda, Onodera angeiweza,
akimwahi mchinjaji.
Basi anamwombea nini, mtu huyu,
anaposema "ashinde" na mia yake mkononi?

Hapa mbio si za upepo. Farasi ni wanene kama ghala,
wanaburuta chuma kisicho magurudumu,
kilo mia saba, vilima viwili vya mchanga,
na chini ya kilima cha pili wote husimama, wapumue.
Si pua inayoshinda. Ni mkia wa chuma uvuke mstari.
Watazamaji hutembea sambamba nao kando ya uzio,
polepole, kama wanaosindikiza mgeni.

Februari, zamu yangu ilipokatwa mapema, nilitoka
nikamwona kwa mara ya kwanza mwenye mkono ule:
mfupi, kofia ya sufu, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya.
Wengine walipiga kelele, vuta, vuta!
Yamashigure alipiga magoti katikati ya kilima,
mvuke ukimtoka kama sufuria iliyofunuliwa.
Onodera alishika uzio, akasema, wala si kwa sauti,
"Pumzika, mwanangu. Pumzika."
Na mia yake mwenyewe iko mfukoni, inateketea.

Wakafika wa mwisho, taa zimeshawashwa.

Kuna mashine kule mabandani, inauza karoti kwa yeni mia.
Onodera alijipekua mifuko yote, hata ya ndani,
akatoa tiketi, leso,
ufunguo wa trekta lililokwisha kwenda.
Akapitisha mkono kwenye uzio hivyo hivyo.

Husemwa mkono mtupu haulambwi.
Nilisimama pale, baridi ikinila miguu,
nikimtazama farasi akiulamba:
kiganja, kisha vidole, vinne,
kisha pale cha tano kilipokuwa.